Gari la Krismasi lenye Injini ya Ambulensi

Burhani hakuwa mwizi. Wizi ni kazi ya kuamka mapema, na yeye kabla ya saa tano asubuhi hakuwa na mazungumzo na mtu. Kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa "mwezeshaji": miaka minane Guangzhou, China, akiwawezesha Watanzania wenzake kuachana na fedha zao bila maumivu makubwa.

Siku hiyo alikuwa anakula biriani kwenye mgahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu alipomsikia mtu wa meza ya jirani akifoka kwenye simu.

"Gari zuri, mama Abigail, lakini injini lita moja na nusu! Krismasi nipande nalo Kibosho, kaka yako anipite mlimani huku anapiga honi? Bora nibaki Dar!"

Burhani aliacha kutafuna. Mtu huyo alikuwa Joachim, muuza mapazia wa Kariakoo, mwenye maghorofa mawili na donda moja tu moyoni: shemeji yake.

"Shikamoo, mzee. Samahani, nimesikia bila kukusudia," alisema Burhani, aliyekuwa amesogeza kiti mara mbili ili asikie. "Tatizo si gari. Tatizo unanunua kama mtu wa kawaida."

"Wa kawaida? Mimi?"

"Wewe unauziwa kilichoandikwa kwenye kipeperushi. Polisi, zimamoto, hospitali, hao hawanunui hivyo. Wanaweka oda maalumu. Ile dizeli ya lita mbili na nusu, ya magari ya wagonjwa, inaingia kwenye hicho kigari chako bila shida. Ila haiuzwi kwa kila mtu."

Maneno hayo ya mwisho yalimmaliza Joachim. Angeambiwa ni bei nafuu, angeshuku. Kuambiwa si ya kila mtu, akaagiza chai ya watu wawili.

Kilichokosekana ni fundi. Burhani akaenda Kangle, kwenye karakana za nguo, akamkuta Mzee Liang akitengeneza guta za umeme zinazobeba vitambaa. Mzee alikuwa na koti kuukuu la kijivu la kiwandani, na koti hilo ndilo hasa Burhani alilolifuata. Mwenye koti alikuja kama nyongeza.

"Kazi ni mchana mmoja, laoban," alimwambia kwa Kichina. Laoban ni bosi, na Guangzhou kila unayetaka kumtumia ni bosi. "Utavaa koti, utatikisa kichwa kukubali, utasaini risiti. Basi."

Wakakutana na Joachim kwenye chumba cha chai, jirani na duka la magari. Mzee Liang hakutikisa kichwa. Alitoa penseli.

"Mlima una mwinuko gani? Abiria wangapi? Barabara ni lami au udongo?"

Burhani akatafsiri huku jasho likimtoka. Joachim akajibu yote, hadi idadi ya mbuzi wanaopandishwa sikukuu. Mzee akachora.

"Giaboksi yake haitahimili injini hii. Tuweke ya ambulensi pia. Rejeta kubwa zaidi. Springi za mbele ziwe nene, la sivyo gari litainamisha pua."

"Huyu ni mtu wa kazi!" Joachim alisema, macho yamelowa. Papo hapo akatoa theluthi ya bei na nakala za usajili wa kampuni yake ya mapazia. Burhani, mtu mwangalifu, hakuruhusu jina lake liguse karatasi yoyote. Risiti alisaini Mzee Liang.

Walipotoka nje, Burhani alimpa mzee ujira wake. Mzee akauliza, "Fomu unapeleka lini?"

"Fomu gani?"

"Ya oda maalumu. Kabla ya kustaafu nilikaa idara ya oda ya kiwanda hicho miaka ishirini na sita. Kampuni ikiomba injini hiyo, kiwanda kinaifunga. Watu hawaombi kwa sababu hawajui kama ipo."

Burhani alisimama pale kama mtu aliyekanyaga msumari. Miaka yote aliuza uongo safi, uliotengenezwa kwa mikono, na leo anaambiwa bidhaa ni halisi! Ilikuwa karibu na tusi.

Lakini tamaa humponya haraka mtu wa aina yake. Kama gari lipo kweli, kwa nini aridhike na theluthi ya muuza mapazia? Angelitengenezesha, akamuuzia kigogo mmoja wa Dar kwa bei mara tatu. Joachim angeambiwa "meiyou", hakuna, kiwanda kimekataa. Akachukua akiba yake ya miaka minane, iliyokuwa inasubiri kiwanja Kigamboni, akamalizia theluthi mbili. Kwa kuwa yeye hakuwa na kampuni, fomu ikajazwa kwa jina la ile ya mapazia.

"Jina nitabadilisha baadaye?" aliuliza.

"Getini watakuambia," alijibu Mzee Liang, na hakudanganya.

Wiki nane zilipita. Burhani alimlisha Joachim visingizio kwa simu: mvua, ukaguzi, sikukuu. Joachim hakufoka hata mara moja. "Hamna neno, mdogo wangu, nakuamini." Tapeli mwenye akili angeogopa. Burhani alimshukuru Mungu kwa kuumba wajinga.

Siku ya kuchukua gari alifika geti la kiwanda na shati jipya. Akamkuta Mzee Liang ndani ya koti lake, na kando yake Joachim, akijipiga picha mbele ya kigari cheupe kilichonguruma kama lori.

"Jina halibadilishwi," alisema mlinzi kabla hajaulizwa.

Joachim akasogea. "Mzee alinipigia tangu wiki ya kwanza. Simu zinatafsiri siku hizi, hata mkalimani huhitaji. Akaniambia theluthi mbili umelipa wewe. Nikamuuliza kwa nini, akasema nikuulize mwenyewe." Alimtazama Burhani machoni, bila haraka, kama mtu anayepima kitambaa. "Kwa nini, mdogo wangu?"

Majibu yalikuwa mawili. Moja lingeishia polisi.

"Ni... upendo tu, mzee."

"Nilijua!" Joachim alimkumbatia kwa nguvu zaidi kidogo kuliko inavyohitajika kwa upendo, akapanda gari, akaondoka akipiga honi.

Burhani akamgeukia mzee. "Kwa nini umenifanyia hivi?"

"Nilisaini," alisema Mzee Liang. "Miaka ishirini na sita, hakuna oda yenye sahihi yangu ambayo haikufika."

Akapanda skuta yake kurudi Kangle.

Burhani alikuwa bado amesimama pale getini simu ilipoita. Alikuwa Muzdalifa, Mzanzibari anayenunua mikoba kwenye soko la Shiling.

"Kaka Burhani! Mzee Joachim kakuweka kwenye kundi letu la wafanyabiashara, picha na kila kitu. Anasema wewe unamalizia theluthi mbili kwa upendo." Akashusha sauti kwa adabu. "Mie nataka jekundu."