Maneno Makuukuu ya Kiingereza Yamefunga Mlango wa Mzee Jabiri

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka Makuyuni, Korogwe, ambako mahindi yamestawi na ndoa zimekwama. Nalalamikia safu yenu ya kila Jumamosi, ile inayofufua maneno ya Kiingereza ambayo Waingereza wenyewe waliyazika zamani, na kutupa maana zake.

Mimi ni mshenga wa mpwa wangu Mdoe, anayetaka kumwoa Zamda wa Kwedizinga, Handeni. Baba yake Zamda, Mzee Jabiri, ni karani mstaafu wa mahakama. Mila unaijua: wageni wa posa hawatamki walichofuata mpaka mwenye nyumba awapime kwa mafumbo. Mzee Jabiri ameacha mafumbo. Anakata safu yako, anaibandika daftarini, na anatupima nayo. Ametangaza kwamba mihogo ikishavunwa atapokea posa ya yeyote atakayejibu, na tayari mwalimu wa Kiingereza wa Mkata ameonekana akiulizia njia ya kwenda kwake. Malalamiko ni haya:

1. Safari ya kwanza tuliulizwa maana ya "apricity". Nilijibu kwamba ni ugonjwa wa mbuzi. Kumbe ni raha ya joto la jua siku ya baridi kali. Tulielezwa hivyo tukiwa tumekalishwa juani, saa saba mchana, mwezi wa pili. Neno hilo halina kazi katika wilaya ile.

2. Safari ya pili neno lilikuwa "groak", yaani kumkodolea macho mtu anayekula ukitumaini atakukaribisha. Mzee aliliuliza huku akila ugali wa muhogo kwa kuku. Sisi tulikuwa wanne mkekani, hatujala tangu alfajiri. Sisi tukiendelea kumtazama kuku, alisema, "Jamani wa Makuyuni, kulitenda mnaweza sana. Kulieleza ndiko kunawashinda." Akanawa mikono.

3. Safari ya tatu ilikuwa "overmorrow", yaani keshokutwa. Nilijibu sawasawa. Lakini Mzee aliponieleza kwamba Waingereza walilitupa neno hilo, na sasa hawana jingine, nilicheka mpaka nikatolewa nje kwa utovu wa adabu. Sisi tunayo keshokutwa, mtondo na mtondogoo, na zote ni nzima. Kosa hapo ni la nani?

4. Ugonjwa unaenea. Mama Noonkipa, muuza maziwa wa Mkata, alimwita mteja "cockalorum", yaani mtu mdogo anayejikweza. Mteja alimshukuru, akaongeza lita moja. Mzee Leboo, mfugaji anayemletea maziwa, naye amempa fahali wake jina hilo, na tangu siku hiyo fahali haitiki akiitwa kwa Kimaasai.

Kwa hiyo naomba safu ifungwe. Ikishindikana, maana zichapishwe wiki moja kabla ya maneno. Hilo nalo likishindikana, maneno yote yarudishwe Uingereza kwa posta ya rejesta, na tuwaongezee mtondogoo kama zawadi, wapate kupanga harusi zao kwa nafasi.

Nisalimie wasaidizi wako wote, wapiga chapa, na dereva anayetushushia magazeti. Mwambie hana kosa.

Wako mwenye subira inayopungua,
Sabiri Semkiwa,
Makuyuni.

Nyongeza: Barua hii ikiwa bado mfukoni, Zamda alimtumia Mdoe picha za kurasa zote za daftari la baba yake. Jana tumejibu maneno kumi na moja bila kumeza mate. Posa imepokewa, na mwalimu wa Mkata amealikwa harusini. Tafadhali usiifunge safu. Jumapili ijayo wanakuja watu kumposa binti yangu Ikram, na safari hii kitini nakaa mimi. Niletee maneno matano, magumu kuliko yote uliyo nayo, na maana zake zisichapishwe mpaka Jumatatu. Simu ya Ikram nimeshaichukua.