Jiko la Eucabeth, Palipokuwa Madhabahu

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Ufunguo ninao! Kanisa la zamani la mbao hapa Elburgon sasa ni langu. Waumini wamehamia lile la mawe ng'ambo ya reli, na mzee Wasike, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, amenipa hili nilifanye nyumba na chumba cha kuchorea. Kupaka namba kwenye mabehewa kule Nakuru basi. Mimi ni msanii kamili.

Shida ni mke wangu. Eucabeth yuko kwa kaka yake Nakuru na amesema wazi: anakuja kwa treni Jumamosi kukagua. Akikuta jiko, na chumba cha kulala chenye mlango, atakaa. Akikuta kanisa, anarudi kwao moja kwa moja. Wasike naye hataki mwanamume akae humu peke yake. Mke asipokaa, nyumba anapewa Micah, karani wa kiwanda cha mbao, aweke viazi. Viazi!

Wasike ameniambia pia kwamba kipande cha reli kinachoning'inia mtini, ambacho ndicho kengele, kina taratibu zake, nimuulize kabla ya kukigusa. Mimi, mtu wa reli, nimuulize yeye habari za reli?

Jumanne, 6 Agosti

Ilifaa nianze na jiko. Nimeanza na sanaa. Nimemchora Eucabeth ukutani nyuma ya madhabahu, gauni la buluu, mrefu hadi darini. Baridi imefanya rangi iteremke, kwa hiyo jicho moja liko chini kidogo. Mengine yote ni yeye kabisa!

Mama Chepngeno, jirani, akaingia bila hodi na kuketi benchi la tatu. Ndipo anaposali tangu zamani, eti kanisa la mawe linamuumiza magoti. Akaitazama picha sana. Akauliza ni nani. Nikasema ni mke wangu. Akatikisa kichwa, akaniachia maziwa. Sikuelewa, lakini maziwa ni maziwa.

Jumatano, 7 Agosti

Micah amekuja kupima sakafu! Kwa kamba! Nikamwambia hapa ni nyumba ya watu. Akauliza watu gani.

Nikafikiri. Nyumba ya watu ina saa ya chakula. Kwa hiyo saa saba nilienda mtini nikaigonga reli. Polepole, kwa heshima, ili Micah asikie huko kiwandani kwamba mimi Odero ninakula.

Ajabu! Wakaja wote. Wapasuaji mbao wakaacha misumeno, akina mama wakaleta unga, kuni, sufuria. Sijawahi kukaribishwa hivi. Kila mmoja alinishika mkono akasema pole sana. Nikajibu nimeshazoea, ni baridi tu. Wakalia. Wakaimba. Wamelala humu humu. Wana ukarimu mwingi hawa, ila sijui kwa nini wananifuata hadi chooni.

Jumamosi, 10 Agosti, alfajiri

Siku mbili sikupata nafasi ya kuandika. Hawaniachi peke yangu!

Alhamisi mama Chepngeno alinieleza. Reli ikigongwa polepole siku ya kazi, kuna aliyefariki. Ikigongwa upesi upesi, sijui kiwanda kimefanya nini, kila mtu aje mbio na ndoo ya maji. Sehemu hiyo ya pili sikuisikiliza vizuri, maana nilikuwa nimeshtuka: waliiona picha ukutani, wakajua ni nani aliyefariki. Eucabeth wangu!

Nilifungua kinywa niseme ukweli. Kweli kabisa nilikifungua. Wakati huohuo Micah akauliza kwa upole kama kuna lolote wanaloweza kunifanyia. Mfiwa hanyimwi kitu. Nikasema mke wangu alitamani jiko, na chumba cha kulala chenye mlango.

Jana jioni vyote vilikuwa tayari! Micah mwenyewe alibeba mbao huku akifuta machozi. Niliona aibu, nikataka kukiri, lakini mlango ulikuwa bado haujatiwa bawaba. Wasike akauliza mazishi ni wapi. Nikasema nitajua Jumamosi.

Jumamosi hiyohiyo, jioni

Nilitaka kwenda stesheni nimuwahi. Wakanishika mikono, wakasema mfiwa hatembei ovyo. Nikakalishwa.

Eucabeth akaja mwenyewe. Alipoona umati na moto nje, akafanya kama wafanyavyo kwao: akaweka mizigo chini, akashika kichwa, akaanza kulia tangu langoni hadi ndani, kwa sauti kuliko wote. Wakampisha, wakampa kiti na chai. Hakuna aliyemtambua. Hakuna hata mmoja! Picha iko juu ya kichwa chake!

Alipomaliza kulia akauliza nani amefariki. Mama Chepngeno akanyoosha kidole ukutani, akasema ni mke wa Odero.

Eucabeth akaitazama. Akaniuliza huyo mwanamke nilimuoa lini.

Nikasema ni wewe! Nikaapa. Wasike akamsimamisha chini ya picha, wakalinganisha. Wakasema hapana. Micah akasema hata masikio hayafanani. Naandika haya moyo ukiniuma. Masikio niliyachora kwa uangalifu mkubwa.

Jumapili, 11 Agosti

Eucabeth hakurudi Nakuru. Analala kwenye chumba chenye mlango, na mlango umefungwa kwa ndani. Mama Chepngeno yumo naye. Wasike amesema nyumba ni ya Eucabeth, maana ndiye mtu wa heshima aliyepatikana. Mimi nimelala benchi la tatu. Kweli linafaa magoti.

Lazima niwaeleze wote kwa pamoja, Eucabeth akisikia, kwamba hakuna aliyekufa na sina mke mwingine. Picha nimeichora upya leo kutwa kwa rangi ya maji, masikio na yote. Haijakauka, lakini safari hii hata Micah atamjua.

Kesho asubuhi nitaigonga reli. Si polepole, hilo nimejifunza! Upesi upesi, kwa nguvu zangu zote. Mama Chepngeno aliniambia na hiyo ina maana yake. Nafikiri ni habari njema, maana alisema watu huja mbio.