Mimea Isiyotaka Jua

Jumatatu, 8 Juni 1953. Kaisho.

Habari mbaya imeletwa na lori la kahawa. Baba mkwe anamleta Adelgunda Jumamosi. Anakuja mwenyewe, kutoka Muleba, kuikagua nyumba. Akiridhika, mke wangu anabaki. Asiporidhika, anarudi naye, na safari hii ndiyo basi tena. Tangu tuoane nimekaa naye mwezi mmoja tu, kwa mama yangu.

Kosa ni la Pasaka. Nilimwambia baba mkwe kwamba nakaa nyumba ya ghorofa. Si uongo! Ghala la tajiri lina ghorofa. Juu kuna mzani wa kahawa, na chumba chenye madirisha mawili anachokaa Placidius, mpimaji. Chini kuna shimo lililochimbwa kwenye ubavu wa kilima ili kuwekea chumvi. Humo nakaa mimi, karani. Mlango mmoja, dirisha hakuna. Mchana kweupe nawasha koroboi ili nizione ndizi kwenye sahani.

Nimemwomba Placidius tubadilishane vyumba siku moja tu. Amesema heri abadili dhehebu. Na anavyoipenda Roma, basi nimekwisha.

Jumanne, 9 Juni.

Dawa imepatikana. Mimea! Zamani Bukoba niliingia nyumba ya Mzungu mmoja, nikakuta majani yameoteshwa sebuleni ndani ya madebe. Kila aliyeingia alisema hapa pazuri. Hata mimi nilisema, na nilikwenda pale kufukuzwa kazi.

Nimekata madebe ya mafuta ya taa na kuyapaka chokaa. Nimeomba maua mekundu kwa akina mama wa kanisani. Jioni hii shimo limechangamka. Nimelala chali kuyatazama, furaha tupu.

Alhamisi, 11 Juni.

Maua yamekufa. Yote.

Jana nilileta makangaga kutoka kijitoni, maana huota kivulini. Makangaga yamekuja na wenyeji wao: siafu. Asubuhi nimetoka mbio bila shati, mbele ya wakulima wote waliosubiri na magunia yao. Placidius ameniuliza kutoka dirishani kwake kama ghorofa inaungua. Watu wamecheka. Mungu anawaona.

Zimebaki siku mbili nami nina madebe matupu. Naogopa. Nasema kweli, naogopa.

Ijumaa, 12 Juni.

Nimeokoka! Mzee Rwegoshora, mwenye kibanja cha migomba jirani na ghala, alikuja kupima kahawa akanikuta nimeshika tama. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza. Akashangaa nahangaikia nini. Mmea wa mulamula, akasema, husimama chini ya migomba maisha yake yote na haujawahi kulalamika. Nichimbe minne, ile iliyo njiani kati ya kibanja chake na cha Kokugonza, mjane wa mdogo wake. Kokugonza yuko Kayanga kwa dada yake.

Sasa. Mimi ni Mhaya, mambo haya si mgeni nayo. Mulamula uliosimama kati ya vibanja viwili ni mpaka, na mpaka haung'olewi. Hata mtoto anajua. Lakini aliyenipa ni mwenye mpaka! Mpaka una wenyewe wawili, mmoja karuhusu. Nusu ya ruhusa si haba.

Nimechimba yote minne. Mzee mwenyewe alifukia mashimo, akapanda maharage juu yake papo hapo. Umri ule, na bidii ile! Nimemsifu.

Mmoja una mikato mitatu ya panga shinani. Nimeugeuzia ukutani usiharibu sura ya chumba.

Jumamosi, 13 Juni.

Wamefika. Baba mkwe alikaa kwenye kiti, kwa kuwa kipo kimoja, akatafuna kahawa na kutazama kila pembe. Akasema giza lipo, lakini mwanamume anayelea majani ndani ya nyumba huenda akalea na mtu. Machozi yalinilenga.

Nilimwonyesha Adelgunda jinsi ya kumwagilia. Aliuliza nimeipata wapi, nikamwambia nimepewa na Mzee Rwegoshora, jirani mwema. Akatabasamu, akatandika mkeka wake. Baba mkwe analala kwa mwinjilisti, kama adabu inavyotaka. Nina mke!

Jumapili, 14 Juni.

Naandika ili nitulie.

Tulikuwa tumetoka ibadani. Mlangoni akasimama mkungu, mkuu wa kijiji, na wazee wake, Mzee Rwegoshora, na Kokugonza. Mama huyo alirudi jana, akakuta pamepandwa maharage palipokuwa na mpaka, na shemeji anadai mpaka ulikuwa mbele zaidi, hata kaburi la mumewe sasa liko upande wa shemeji.

Kokugonza aliingia akaipita milamula mingine, akaenda kwenye ule niliougeuza. Akaugeuza tena, akaweka kidole kwenye mikato. Alisema mumewe aliikata siku yeye na Mzee Rwegoshora walipogawana ardhi.

Mkungu akaniuliza nimeitoa wapi. Akanikumbusha kwamba mng'oa mpaka hupelekwa barazani. Baba mkwe alikuwa ananitazama. Mzee Rwegoshora akakohoa. Nikasema nimeinunua Murongo, kwa mchuuzi wa ng'ambo.

Adelgunda akasema taratibu, "Jana uliniambia amekupa mzee huyu."

Mkungu akasema mke wa siku moja hajajua mambo ya nyumba, ajibu mume. Nikajibu. Murongo. Basi mkungu akaamua kwamba mmea uliokwisha kutoka ardhini hauonyeshi mpaka. Maharage yabaki yalipo, na kaburi libaki lilipo.

Kokugonza hakulia. Aliuliza tu kama sasa, akitaka kulipalilia, itabidi amwombe shemeji.

Walipoondoka Adelgunda alianza kukunja mkeka. Nikamwahidi taa kubwa, ya chemni.

"Giza ningelizoea," akasema. "Lakini siku nikifiwa, nani atasema mpaka wangu ulikuwa wapi?"

Baba mkwe alimbebea kikapu. Mimi hakuniaga.

Jumatano, 17 Juni.

Nimefikiri sana na kosa nimeliona. Chumba bado kilikuwa na giza. Milamula minne haitoshi. Kona ya mlangoni ilibaki tupu, na hapo hasa ndipo Adelgunda aliposimama. Mwanamke yeyote angekunja mkeka.

Mimea yenyewe imeshika. Mmoja umetoa jani jipya.

Jana Kokugonza alikuja mlangoni. Nilijua ni ugomvi, kumbe ameomba tu awe anaumwagilia ule wenye mikato. Nimemruhusu, itanipunguzia kazi. Alikaa chini karibu nao, kopo mkononi, muda mrefu baada ya maji kwisha. Ilibidi nimkumbushe kwamba koroboi inakula mafuta.

Leo Mzee Rwegoshora ameniletea pombe ya rubisi ya shukrani, kibuyu kizima. Anasema upande wa juu, anakopakana na Cassian, iko milamula yenye majani mapana kuliko hii. Cassian amekwenda Murongo kuuza ng'ombe. Keshokutwa naenda na jembe. Baba mkwe akirudi safari nyingine, hatakuta kona tupu.