Bamba la Ragnfrid na Kahawa ya Kamati

Kwa niaba ya Kamati ya Kudumu ya Mabamba, Manispaa ya Lauvsund, ninayo heshima kuutangazia umma kwamba mwanamke amekumbukwa. Zoezi limekamilika. Ilijitokeza changamoto ndogo ya kiutekelezaji, nami naieleza mwenyewe kabla wenye midomo hawajaieleza.

Ragnfrid Oppedal alikuwa mwanamke wa kwanza kuandika vitabu katika fiodi yetu, mkono huu mwembamba wa bahari, mtetezi wa wanawake aliyewatoa jasho mababu zetu. Sasa amekufa vya kutosha kuenziwa. Kamati, yenye wanaume watupu wenye uzoefu mkubwa wa wanawake, ilichagua bamba la ukumbusho la buluu na maneno yake mwenyewe: "Mshika birika hasikiki mkutanoni. Liweke chini." Vitabu vyake hatukuwa tumevisoma. Maneno haya tuliyapenda kwa sababu yanataja vyombo vya nyumbani.

Hotuba ya uzinduzi nilijipa mimi, mwenyekiti. Bwana Hallgrim Tveitane wa chama mkoani alikuwa anakuja kutafuta mgombea umeya, na umeya huo nilikuwa nauota. Ndipo akanijia Torgunn Hestnes, daktari wa mifugo, aliyelipigania bamba hili mpaka mvi zikamtoka.

"Arnstein, nipe nafasi niseme machache."

"Ratiba imejaa, Torgunn. Ila wewe na wenzako mna jukumu la kimkakati."

"Lipi hilo?"

"Kahawa na vafeli."

Aliniangalia kama ng'ombe aliyemeza msumari. "Hivi hayo maneno ya kwenye bamba umeyasoma lakini?"

"Nimeyaidhinisha," nikamjibu.

Siku ikafika na mvua yake. Ukumbi ulijaa, bamba liko ukutani limefunikwa kitambaa. Wanawake wote walikuwa wameketi viti vya mbele, mikono mapajani. Jikoni hakukuwa na mtu. Mabirika yalikuwa yamepangwa sakafuni, safi kabisa.

"Torgunn, kahawa iko wapi?"

"Mabirika tumeyaweka chini. Si maagizo ya Kamati hayo?"

Sasa, mtu wa Lauvsund unaweza kumzika bila mchungaji. Bila kahawa, huthubutu. Hata kanuni zetu zinasema hakuna shughuli ya manispaa itakayofunguliwa kabla kahawa na vafeli, vile vikate vyetu vya kuokwa kwa chuma, havijaanza kutolewa.

"Tuahirishe," katibu akaninong'oneza.

"Tveitane keshakaa. Vua koti."

Kamati ikahamia jikoni kwa azimio la dharura. Tuliunda kamati ndogo ya unga na kamati ndogo ya mayai, na hazikuelewana. Vafeli ya kwanza iling'ang'ania chuma. Ya pili ikaungua. Ya tatu ilitoka mbichi, ikapitishwa kwa kura. Hotuba yangu ilikuwa mfuko wa nyuma, inalowa siagi.

Kikombe cha kwanza kilipomiminwa, sherehe ikawa imefunguliwa kisheria, na mimi nimeshika mwiko. Foleni ilifika mlangoni. Nikibandua mkono tu, zinaungua.

"Mkuki kwa nguruwe," mama mmoja akasema taratibu, akichukua yake.

Kupitia dirisha la kupitishia sahani nikamsikia Torgunn. Ruhusa hakuomba. Alisema kitabu cha Ragnfrid alikisomea zizini, akijificha baba yake asimwone, na kwamba bila kitabu kile angeolewa na mwenye ng'ombe badala ya kuwatibu ng'ombe wake. Alisema kwa muda mrefu aliogopa kufa kabla ya kuliona jina hilo ukutani. Kisha akavuta kitambaa. Ukumbi mzima ukasimama, na wengine walikuwa wanalia waziwazi. Sitaficha, kwa wivu nikaunguza kidole.

Makofi yalipotulia, Bwana Tveitane akaja dirishani, uso umemng'aa.

"Mwenyekiti, safari yangu haikwenda bure. Mgombea tumempata."

Nikafuta mikono kwenye aproni, nikaichomoa hotuba, nikakohoa kidogo. "Niko tayari kuwatumikia wananchi."

"Naona," akasema, akinisogezea sahani tupu. "Meya mtarajiwa anaomba mbili, za jamu. Halafu hizi, umetia iliki?"

Nilikuwa nimesahau.