Hakuna Kutazama Kabla ya Mgeni Rasmi

Wananchi wa Korogwe na Handeni walitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya Landrova, kwamba enzi ya kupumzika ovyo imekwisha. Mkoloni alipumzika apendavyo, akaenda porini na mkewe kutazama wanyama bila kikao wala muhtasari, na matokeo yake kila mtu aliyaona: alifungasha akaondoka. Kuanzia sasa mapumziko ya mwisho wa juma yangefanywa kwa pamoja, kwa mpango na kwa tija. Kila mtumishi angefuatana na wapenzi wake wa halali, yaani mke au mume, watoto na mzazi, kwenda kutazama wanyama kijamaa. Kaulimbiu ilikuwa "Mapumziko ni Kazi". Aliyeitunga, Ndugu Ponsiano, Mwenyekiti wa Kamati ya Mapumziko Yenye Tija, hakuwa amefanya kazi yoyote tangu aitunge. Kutwa alishinda kwenye semina.

Katibu wa kamati hiyo alikuwa Kasmiri, mtu mwembamba aliyeamini kila alichosomewa. Yeye ndiye aliyependekeza safari ya kwanza iende kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, huko tambarare za Handeni, ambako tembo hufika asubuhi. Alitoa sababu za kitaifa, lakini tusifichane, alikuwa na lake moyoni. Mama yake, Bi Josefina, alikata mkonge Mazinde tangu usichana hadi mgongo ukapinda, na maisha yake yote hakuwahi kuona mnyama mkubwa kuliko punda wa shamba. Sasa mtoto wa jicho alikwisha kulimaliza jicho la kushoto na alikuwa anaanza la kulia.

"Simba simtaki, mwanangu," alimwambia Kasmiri. "Ni mdogo, atanipita nisimwone. Nipeleke kwa tembo. Huyo hata kwa jicho bovu hanipotei."

Kasmiri akamwahidi.

Sasa, shughuli ya serikali haianzi bila mgeni rasmi. Hilo halina mjadala, hata pilau hupoa ikimsubiri. Kamati ikakaa ikajiuliza: mwananchi akimwona mnyama kabla mgeni rasmi hajafungua, atakuwa amefanya nini? Ikaonekana atakuwa ametazama kwa magendo. Basi ikapitishwa kwamba watu wote watakaa wakiwa wameligeuzia lambo mgongo, hadi Ndugu Mwenyekiti atakapokata utepe. Utepe mwekundu ungefungwa kati ya migunga miwili ukingoni, palepale njia ya wanyama ilipopita, kwa kuwa kwingine hakukuwa na miti iliyolingana urefu. Kifungu hicho Kasmiri alikiandika kwa mkono wake, na akakiona chema.

Jumapili lori likaondoka Korogwe alfajiri, limejaa kina mama, vikapu na watoto waliovalishwa nguo za kanisani. Walipofika wakapangwa kwenye nyasi, migongo lamboni, nyuso vichakani. Kochi moja lililoazimwa Handeni mjini lilielekezwa upande wa wanyama, likafunikwa kitambaa cha kufuma, na halikukaliwa na mtu.

Akapita Parsimei, mfugaji ambaye ng'ombe wake walizuiwa wasinywe siku hiyo, wasije wakatazamwa kimakosa. Akaegemea fimbo yake akauliza hawa watu wamekosa nini. Akaelezwa kwamba hawakukosa kitu, wamepumzika. Akawapa pole, akaenda zake.

Tembo wakaja. Wakaja wengi, tena karibu. Wakanywa kwa kishindo, wakarushiana maji, matone yakamfikia mke wa karani mmoja shingoni, naye akayafuta bila kugeuka. Watoto walifinywa. Nidhamu ya namna hiyo haijapata kuonekana wilayani.

"Wamefika?" akauliza Bi Josefina.

"Wamefika, mama."

"Basi nigeuze."

Kasmiri akamweleza kwa upole kwamba mgeni rasmi yuko njiani. Kwa kweli mgeni rasmi alikuwa Handeni mjini, anamalizia mguu wa mbuzi.

"Wakoje?"

"Sijui, mama. Na mimi sijageuka."

Bi Josefina akashika rozari yake. Muda ukapita. Kelele za maji zikapungua, matawi yakavunjika kwa mbali, kisha pakawa kimya. "Basi, mwanangu," akasema. "Nimewasikia. Inatosha." Kasmiri akaikunja ajenda akaitia mfukoni. Heri mama yake angemtukana.

Jua lilikuwa limeshapinduka Landrova ilipofika. Ndugu Ponsiano aliagiza honi ipigwe ili watu wajue wanafurahi, kisha ipigwe tena, maana mara ya kwanza hawakufurahi vya kutosha. Akatwaa mkasi kwenye sinia, akawapita wananchi kwa nyuma yao, akaelekea kwenye utepe kwa mwendo wa kupigwa picha.

Kilichofuata kilisikika tu. Tembo mmoja mwenye mtoto alikuwa amebaki kwenye vichaka vya upande wa lambo, na zile honi hazikumpendeza. Ilisikika sauti kama ya tarumbeta, zikasikika mbio, kikasikika kitambaa kikichanika.

Kasmiri akageuka, wa kwanza kuvunja sheria aliyoiandika mwenyewe. Ndugu Ponsiano alikuwa juu ya mgunga, miiba imemshika suti ya Kaunda pande zote, mkasi bado mkononi. Tembo alisimama chini yake akipepea masikio.

"Kasmiri," Mwenyekiti akaita, sauti imekauka. "Wageuze watu. Waje wanisaidie."

Kasmiri akautazama utepe. Ulikuwa mzima.

"Ndugu Mwenyekiti, utepe bado."

"Nimefungua. Natangaza kwamba nimefungua."

"Kifungu kinasema kukata, Ndugu."

Wananchi walisikia kila neno, na hakuna aliyegeuza hata shingo. Waliinama kidogo tu, mabega yakitikisika, nadhani kwa uzalendo.

Kasmiri akarudi alipokaa mama yake, akamshika mabega, akamgeuza taratibu.

"Na sheria yenu?" akauliza bibi.

"Ilikuwa ya kijinga, mama. Tazama."

Bi Josefina akatazama. Akalifumbua jicho lake la kulia kadiri lilivyoweza, na machozi yakamtoka, naye hakuyafuta asije akapoteza hata kidogo. Akatazama masikio, akatazama pembe, akamtazama yule mtoto aliyejificha katikati ya miguu ya mama yake. Kasmiri alisimama nyuma yake akilia bila aibu.

Hatimaye tembo alichoka na mambo ya serikali. Akaishika njia yake na mwanawe, na utepe ukamfika kifuani, ukakatika.

"Shughuli imefunguliwa," Kasmiri akatangaza. "Geukeni."

Wakageuka wote, wake, waume, watoto, na kama itifaki inavyotaka utepe unapokatwa, wakapiga makofi. Walipiga kwa muda mrefu, wamemwelekea Mwenyekiti, ambaye kwa ajili ya miiba hakuweza kupunga mkono.

"Tembo nimemwona, Mungu ashukuriwe," akasema Bi Josefina. "Na yule aliye juu ya mti ni mnyama gani?"

"Yule ndiye mgeni rasmi, mama."

Bibi akamkazia jicho kitambo.

"Mdogo," akasema, akarudi kumtazama tembo akiondoka.