Malalamiko Dhidi ya Wakili Anayesoma Mafaili

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Chama cha Mawakili.

Ndugu yangu Mwenyekiti, mwenzangu tuliyeapishwa siku moja na kupiga picha moja,

YAH: KUPINGA SHEREHE YA KUWAENZI MAWAKILI WANAWAKE

Salamu kwanza. Mimi ni mzima, ukiondoa presha, na hiyo presha ndiyo iliyonikalisha kitako kuandika barua hii.

Jumatatu nilipokea kadi ya mwaliko. Chama chetu, eti, kitafanya sherehe ya kuwaenzi na kuwaunga mkono mawakili wanawake, na mgeni wa heshima atakuwa yule wakili ambaye makarani wa mahakama wanamwita Mama Kifungu. Chini ya kadi umeandika kwa mkono wako kwamba mimi, kama mwalimu wake wa zamani, ndiye nitakayemkabidhi tuzo. Niliisoma kadi nikiwa nimesimama. Nikakaa. Nikaisoma tena. Haikubadilika.

Mwenyekiti, usinielewe vibaya. Sina chuki na wanawake. Nimezaliwa na mwanamke, nimeoa mwanamke, na Mungu amenijalia mabinti watatu bila kuniuliza. Lakini nikinyamaza itaonekana nimeridhia. Kwa hiyo nayaweka malalamiko yangu kwa namba, yasije yakapotea masijala kama yanavyopotea mengine.

1. Kuhusu shukrani. Mama Kifungu alikuja ofisini kwangu kujifunza kazi akiwa hana hata joho. Nilimpokea kwa mikono miwili. Kwa miaka miwili nilimuunga mkono kwa hali na mali: nilimwachia achemshe chai ya ofisi nzima, nilimwachia apange mafaili, nilimwachia aandike hoja zangu zote za maandishi, nami nikajitwisha mzigo wa kuzisaini. Tulishinda kesi kumi na moja kwa hoja hizo. Siku aliyoondoka kwenda kufungua ofisi yake alinishukuru kwa adabu, akaniachia kabati limepangwa kwa herufi. Tangu hapo sijashinda kesi ya maandishi hata moja. Nauliza: huyu ni mtu wa kupewa tuzo, au wa kushtakiwa kwa kumtelekeza mzazi?

2. Kuhusu stoo yangu. Unakikumbuka chumba cha mawakili pale mahakamani. Kulikuwa na choo kimoja, kimeandikwa MAWAKILI mlangoni, na miaka yote ilieleweka mawakili ni akina nani. Wenzetu wa kike walivuka uwanja kwenda choo cha mgahawa, wakarudi wamechelewa, hakimu akawakaripia, nasi tukapata nafuu kidogo. Lilikuwa jambo dogo lisilomuumiza mtu. Mama Kifungu akaandika barua. Moja tu, ya ukurasa mmoja. Leo ile stoo niliyokuwa nikihifadhia viatu vyangu vya mvua na magazeti ya tangu ujana imekuwa choo cha wanawake. Kina maji, kina sabuni, kina kioo. Chetu hakina kioo. Huo ndio usawa?

3. Kuhusu lugha. Mimi humwita kila wakili wa kike "binti yangu" mahakamani. Ni upole wa malezi. Siku moja nilimwambia, "Binti yangu, hebu kaa, wakubwa tunazungumza." Hakukasirika. Alisimama akamwambia hakimu, "Mheshimiwa, naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba baba yangu alishafariki, na Wakili Msomi hafanani naye hata kidogo." Watu wakacheka, mpaka mshtakiwa mwenye pingu, ambaye kwa maoni yangu hakuwa na sababu ya kucheka siku ile. Hakimu akaandika. Imo kwenye mwenendo wa kesi, Mwenyekiti. Wajukuu zangu wataisoma.

4. Hili ndilo kubwa, nalo nitalieleza taratibu.

Ndugu wawili walinijia wakiwa na majonzi ya kufiwa na kaka yao, pamoja na wosia. Kaka alikuwa mwalimu. Aliacha mjane ambaye ni fundi cherehani, na nyumba ya vyumba vinne ambayo mjane alikuwa akishonea barazani pake. Wosia ulisema nyumba ni ya wale wadogo zake, mjane aondoke na cherehani yake. Sikuwauliza wosia wameutoa wapi. Si adabu kumhoji mtu aliye msibani. Nilimwita mjane ofisini nikamshauri kiutu uzima: "Mama, vumilia. Haya ni mambo ya familia. Mahakamani utachoka bure." Akaniitikia, "Nimesikia, baba," akaondoka. Nikajua yamekwisha. Kumbe ametoka kwangu, akakata kushoto, akaingia ofisi ya Mama Kifungu.

Siku ya kesi nilifika na faili langu, ambalo nilikusudia kulisoma njiani ila nikakutana na watu. Mama Kifungu akasimama na karatasi moja mkononi. Alimuuliza shahidi wangu, yule mkubwa kati ya ndugu wawili, maswali manne tu. Nayanukuu ili uone ukatili wake.

"Kaka yako alikuwa anafanya kazi gani?"

"Mwalimu."

"Alifundisha nini?"

Shahidi wangu akatanua kifua. "Kusoma na kuandika. Darasa la kwanza, miaka ishirini na miwili. Mwandiko wake ulikuwa unabandikwa ukutani, watoto wauige."

"Mkono wake uliwahi kuugua?"

"Hata siku moja."

"Basi kwa nini wosia huu aliusaini kwa dole gumba?"

Mwenyekiti, nina miaka thelathini na minne katika kazi hii, sijawahi kukutana na swali kama lile. Shahidi akanitazama mimi. Mimi nikatazama faili. Na kweli dole lilikuwepo, la wino wa bluu, kubwa kama kifuniko cha chupa. Lilikuwa mezani kwangu wiki sita. Nikaomba kesi iahirishwe kwa sababu za kiafya, ombi likakataliwa. Mjane alibaki na nyumba yake. Wale ndugu wawili sasa wanaulizwa na polisi dole lile ni la nani, nao wameanza kulitaja jina langu pasipo sababu.

Koridoni nilitegemea kukuta vigelegele. Havikuwepo. Mjane alikuwa ameketi kwenye benchi, amevua viatu, analia kwa sauti ndogo, na Mama Kifungu ameketi kando yake na joho lake lote, amemshikia mkoba. Alikaa hivyo mpaka mama wa watu akanyamaza mwenyewe. Nilipita haraka. Sikujua kama hiyo nayo ni sehemu ya kazi yetu. Wateja wangu wakianza kulia, mimi huwa nimeshaondoka.

5. Kuhusu maambukizi. Tabia hii inaenea. Siku hizi hata mawakili wa kiume wanaonekana koridoni wakisoma mafaili kabla ya kesi, mchana kweupe, bila aibu. Karani wangu, mama mtu mzima niliyemwamini, ameomba ruhusa ya kutoka mapema akasomee sheria. Nilimuuliza, "Sasa chai itachemshwa na nani?" Akanijibu, "Mzee, lile birika ni la umeme. Unabonyeza tu." Miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia.

6. Kuhusu upweke. Alhamisi iliyopita nilisimama mahakamani nikageuka huku na huku. Hakimu mwanamke. Mwendesha mashtaka mwanamke. Karani mwanamke. Mwanamume nilikuwa mimi peke yangu, ukimwacha mshtakiwa. Ghafla nikahisi kwamba kila neno langu linahesabiwa kuwa ni la wanaume wote. Nikikosea kifungu, wanaume hawajui sheria. Nikipaza sauti, wanaume wana hasira. Nikipiga chafya, wanaume wamepiga chafya. Nilitoka jasho mpaka kola ikalowa. Nakuuliza kwa dhati, Mwenyekiti: kuna binadamu anayeweza kufanya kazi katika hali hiyo, kila siku, mwaka hadi mwaka?

Kutokana na hayo yote, kwa heshima na taadhima naomba: sherehe ifutwe. Ikishindikana kufutwa, iwe ya mawakili wote, na hotuba nitoe mimi. Wanawake waendelee kuungwa mkono kwa njia tulizozizoea, yaani kwa maua na makofi, bila kuhusishwa na mafaili mazito. Na Mama Kifungu apewe onyo la maandishi asisome jalada moja zaidi ya mara moja, kwa kuwa anatuonea sisi tunaotegemea kipaji.

Nifikishie salamu kwa shemeji na watoto, kwa katibu wetu na mguu wake uliovunjika, kwa wahasibu, na kwa yule mlinzi wa getini anayeniita "Radi" kwa sababu ya sauti yangu. Mwambie nimemsamehe.

Ndimi mtiifu kwako na kwa katiba ya chama, kwa kadiri ninavyoikumbuka,

Wakili wa Siku Nyingi

Tanbihi: Barua hii ilikaa mezani siku tisa kabla sijaituma. Katika siku hizo mkwe wangu, mume wa binti yangu wa kwanza, alianguka kazini akafariki. Hata wiki haijaisha tangu mazishi, ndugu wa marehemu wakabadilisha kitasa cha mlango wa nyumba yao. Sasa binti yangu yuko sebuleni kwangu, yeye na watoto wawili na mabegi matatu. Nilipovaa koti ili nije kwako tumtafutie wakili mzuri miongoni mwetu, akaniambia nisijisumbue, alishakwenda kwa Mama Kifungu juzi. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuanza kwangu, baba yako mzazi?" Akanijibu huku anamfunga mtoto vifungo vya shati, bila kuniangalia: "Baba, wewe ungeniambia nivumilie."

Nikalivua koti.

Kesi imepangwa siku ile ile ya sherehe, saa tatu asubuhi. Kwa hiyo nakuomba sherehe isogezwe mbele wiki moja. Si kwa sababu nilizoandika hapo juu, hizo unaweza kuzichana. Mgeni wa heshima atakuwa mahakamani, nami nitakuwa benchi la nyuma, nimemshikia begi lake la mafaili. Ameniruhusu kulibeba. Kuzungumza, amekataa.