Kabureta ya Mzee na Kwaheri za Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Baba mkwe ametangaza. Macho yake hayaruhusu tena usukani, hivyo gari lazima lipate mwenyewe. Ni gari la zamani, la kabureta, lina umri mkubwa kuliko mke wangu, na mzee analipenda kuliko wakwe zake wote wawili. Nikae nalo nyumbani wiki hii, ila sharti ni moja. Jumapili, tukishamaliza kula kwake, nilisimamishe getini injini ikiwaka. Lisizimike wala lisitoe moshi mpaka mama mkwe amalize kutuaga. Nikifaulu ni letu. Nikishindwa linakwenda kwa mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu, ambaye ameshasema hadharani kwamba atalifanya banda la kuku.

Anayemjua mama mkwe anajua uzito wa sharti hilo. Yeye haagi, anaanza upya. Anakuaga sebuleni, anakuaga mlangoni, anakuaga umeshafunga mkanda, kisha anakumbuka habari ya jirani yake aliyevunjika nyonga.

Mke wangu hakucheka. Alisema gari hilo ndilo alilojifunzia kuendesha, baba yake pembeni ametulia, mikono magotini, hata siku alipokwangua ukuta. Akasema siku kuku akitaga kwenye kiti kile, hatanisamehe. Nikamwambia alale usingizi, kazi niachie mimi.

Tatizo lenyewe dogo. Barabarani gari linakwenda vizuri mno. Likisimama tu injini ikiwaka, basi: moshi mweusi, harufu ya petroli, linatetemeka, linazimika. Lilianza mwezi uliopita, mara tu baada ya mimi kumsafishia mzee kabureta kwa mikono yangu mwenyewe. Dunia ndivyo ilivyo. Unamtendea mtu wema, kitu chake kinachagua siku hiyo hiyo kuharibika.

Mimi ni fundi cherehani. Niliyemshonea mwanyumba suti, na tumbo lile, siwezi kushindwa na kabureta.

Jumanne, 4 Juni

Dawa nimeipata. Kuna skrubu inayoongeza kasi ya injini gari likiwa limesimama. Nimeikaza. Injini ikanguruma kama ina ugomvi na mtu. Haizimiki tena! Moshi bado upo, ila sasa unatoka haraka, haukai machoni pa watu.

Hasara ndogo. Nilipoingiza gia, gari lilichupa kabla sijaliruhusu, likagonga pipa la taka la jirani. Jirani ni mwalimu mstaafu. Alitoka akasema kwa upole kwamba pipa lilikuwa limesimama mahali pake. Sikubishana. Penye wazee haliharibiki neno, ila pipa limeharibika.

Mke wangu anaendesha basi la shule, basi anajiona anajua magari. Aliuliza kwa nini injini inapiga kelele vile. Nikamwambia ni afya.

Jumatano, 5 Juni

Leo skrubu ya pili, ya kuchanganya petroli na hewa. Wanaojua wanasema ukiikaza yote, injini inakosa petroli na kuzimika. Nimeikaza yote. Haikuzimika. Moshi ule ule. Nimeridhika sana, maana yake injini imeanza kunizoea.

Plagi nimezitoa. Nyeusi ti, kama matako ya sufuria. Nimezisugua mpaka zikang'aa. Nilitumia mswaki. Si wangu. Jioni mke wangu alitoka bafuni na midomo myeusi, akanitazama, akapita. Afadhali angenisema.

Mwanyumba naye kapita, eti kusalimia. Alilizunguka gari akipima viti kwa macho. Akataka kujua, kwa maoni yangu, kuku wa mayai atapenda kiti cha mbele au cha nyuma. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akasema yeye hana haraka hata kidogo, Jumapili yenyewe si mbali. Jibu zuri sana la kumkomesha nimelipata, lakini alikuwa ameshafika kwake.

Alhamisi, 6 Juni

Nimegundua nilikuwa napiga upande usio wenyewe. Nahangaika na injini, kumbe tatizo ni kwaheri. Kwaheri zikipungua, hata injini mbovu inatosha.

Nikampigia mama mkwe. Nikamwomba, kwa heshima zote, kama kuna maagano aliyopanga kwa Jumapili basi tuyamalize sasa hivi kwenye simu, siku yenyewe apunge mkono tu. Akauliza, sauti imeanza kukatika, ninakwenda wapi. Nikasema siendi popote. Akasema wanaume wanaotoroka wake zao husema hivyo hivyo. Akakata simu, akampigia mke wangu kazini, na mke wangu akasimamisha basi kando ya barabara na watoto wote ndani.

Nimeeleza. Nimeapa. Haikusaidia. Jumapili watakuja pia shangazi zake wawili kuhakikisha siondoki, na hao shangazi nao watataka kuaga.

Ijumaa, 7 Juni

Mke wangu karudi kutoka kazini, hakuvua hata viatu, akafungua boneti bila kuniomba ruhusa. Aliuliza ule mwezi uliopita kabureta niliisafisha kwa kitu gani. Nikamwambia kwa fahari: sindano ya cherehani, ile nene ya kushonea jinzi. Ndani ya kabureta kuna kijiti cha shaba chenye kitundu chembamba ajabu. Nikatia sindano, nikaizungusha na kuizungusha, mpaka ikawa inapita bila kukwama.

Alikaa juu ya bampa akafunika uso kwa mikono. Nilidhani ameguswa.

Kumbe hasira. Alisema kitundu kile kilipimwa kiwandani, na injini gari likisimama hunywea petroli hapo. Mimi nimekipanua kikawa tundu la kifungo, sasa inakunywa mpaka inapaliwa, na huo ndio moshi. Na ile skrubu yangu ya Jumanne, kwa kuongeza kasi, ilifungua njia nyingine ya petroli, ndiyo maana kukaza kwangu kwa Jumatano kulikuwa kazi bure. Nikamtuliza. Nikamwambia katika ushonaji hakuna tundu lililowahi kuharibika kwa kupanuliwa kidogo. Akasema ndiyo maana wateja wangu wanatembea wameshika suruali.

Maneno makali hayo. Nimemsamehe. Alikuwa analia, anasema baba yake ataligeuzia kisogo gari lake likivutwa kwenda kufanywa banda la kuku, na mtu akilia mbele yangu mimi naishiwa nguvu.

Jumamosi, 8 Juni

Amekwenda kwa wauza vipuri vya zamani, amerudi na kijiti kipya cha shaba. Amekifunga mwenyewe. Skrubu yangu ya kasi kaipunguza. Ile ya mchanganyiko kaikaza polepole mpaka injini ikaanza kuyumba, kisha akairudisha kidogo, akasikiliza, akairudisha tena. Mimi nilishika bisibisi, ile ambayo hakuihitaji.

Moshi hakuna. Harufu hakuna. Mwalimu mstaafu alikuja kuuliza kama gari limezimika, na lilikuwa linawaka. Naona mpango wangu wa tangu Jumatatu umezaa matunda.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi, mke wangu akivaa, niliisikiliza ile injini. Nzuri, ila ya kinyonge. Gari la mkwe wa kwanza halinong'oni. Nikakaza kidogo tu ile skrubu ya kasi. Na ile nyingine nikailegeza mizunguko kadhaa, isione wivu.

Chakula kimepita salama. Nikaliweka gari getini, injini ikiwaka, nikaegemea mlango kama mwenye mali. Mama mkwe akaanza. Alipofika kwa yule wa nyonga, nikasikia harufu. Shangazi mmoja akakohoa. Moshi mweusi ukapanda, gari likaanza kutetemeka, na mwanyumba akatoa futi kamba mfukoni. Nikawaambia wote ni ukungu.

Injini ikakohoa, ikashuka, ikawa inataka kukata roho. Mke wangu akanitazama mara moja tu. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshikwa na mama yake, na mama hakuuachia. Kwa mkono wa pili akafungua boneti, akachomoa bisibisi kwenye mkoba, akazungusha hapa, akazungusha pale. Moshi ukakatika. Injini ikatulia, ikabaki inanong'ona. Mama mkwe hakukatiza hata sentensi. Nyonga ikapona, tukaingia kwenye habari za mwenye nyumba wa jirani huyo, na gari likasimama linawaka mpaka neno la mwisho.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake pale getini, haoni vizuri lakini kichwa kakiinamisha upande wa injini. Akauliza nani kafungua boneti. Nilishafungua mdomo. Shangazi akaniwahi, akamtaja mke wangu.

Mzee akamwita binti yake, akampa ufunguo wa akiba aliokuwa ameufunga kwenye leso. Akasema anaona aibu. Wiki nzima ameshindanisha wakwe, akasahau kwamba ana binti. Gari ni lake. Ila mumewe asifungue boneti hiyo, si leo wala kesho, na aape sasa hivi mbele ya shangazi. Nikaapa. Mke wangu akamwegemea baba yake begani akalia kama mtoto. Na mimi nikatokwa na machozi. Moshi ulishakwisha, kwa hiyo sina la kusingizia.

Jumatatu, 10 Juni

Ushindi. Nilisema gari litakuja kwetu, na liko uani. Mwanyumba anatafuta mbao.

Mke wangu kaondoka kwenda kazini akiimba. Boneti kaifunga kwa mnyororo na kufuli. Sina kinyongo. Mimi nikiapa nimeapa, na boneti sitaigusa.

Lakini jana njiani nilisikia gia ya pili ikilalamika inapoingia, na giaboksi haimo ndani ya boneti. Iko chini ya gari. Nimetandika gunia, nimeingia. Nati ya kwanza imefunguka kirahisi, na oili yote imetoka yenyewe bila kulazimishwa. Dalili nzuri.